Mama Laza Anavua Futi Shingoni

Tarehe thelathini ya mwezi huu, karakana yetu ya mashati itamuaga mpimaji wake mkuu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Kwenye orodha ya mishahara ana jina refu la heshima, lakini jina hilo halijawahi kupanda ngazi zetu. Hapa juu anaitwa Mama Laza. Hata mwajiri wetu, siku alipompa cheti cha utumishi mrefu, alilisahau lile lililoandikwa kwenye cheti akamwita kwa hili letu.

Aliyeombwa kuandika wasifu huu ni mimi, mwenzake wa meza ya marekebisho, kwenye kona ya juu ya ngazi. Nadhani nimechaguliwa kwa sababu mezani kwangu ndiko makosa ya watu wote yanakorudi: kola inayokaba, mkono uliopungua, kifungo kinachoshikilia tumbo kwa taabu. Ninajua nani hapa ndani hukata akiwa na hasira na nani hushona huku akiwaza mambo ya nyumbani. Mashati yaliyorudi kwa sababu ya kipimo cha Mama Laza ni machache mno, na karibu kila moja lina mtu mwingine wa kulaumiwa.

Nilipomuuliza angependa niseme nini, alinijibu nisimpambe. Akaongeza kwamba kama ni lazima nitaje shati, nitaje lile la Refa, ambalo lingekosea kidogo tu, msichana angeolewa huku baba yake amejifungia chumbani. Nitalitaja, na familia imeniruhusu. Ila kwanza mumjue mwenyewe.

Alikuja hapa akiwa mama kijana, mtoto mgongoni, akaajiriwa kushona vifungo. Wanaomkumbuka wakati ule wanasema hakuwa mwepesi wa mkono. Alikuwa mzito wa mkono na mwepesi wa jicho, na jicho hilo ndilo lililomwokoa, maana mpimaji wa zamani alikuwa ameanza kuona namba mbili mahali palipo na moja, naye kwa siri alimwita yule mama wa vifungo aje amsomee futi. Mzee aliita sehemu ya mwili, mama akasoma namba, mkataji akachora chaki. Hali hiyo iliendelea kwa muda mrefu na kila mtu akijifanya hajui. Mzee alipostaafu, hakukuwa na haja ya kutangaza nafasi ya kazi. Alivua futi shingoni mwake akamvika msomaji wake, wakaenda kunywa chai.

Wageni huwa wanashangaa kwamba wateja wetu wengi hawapimwi mwilini. Mtu akiona futi hubadilika. Huyu anavuta tumbo ndani, yule anatunisha kifua, mwingine anasimama wima mpaka unadhani anasubiri kukaguliwa. Kwa hiyo tuna desturi yetu: mteja alete shati lake moja linalomkaa vizuri, lile analolivaa akitaka aonekane mtu mbele za watu, na sisi tunalipima hilo. Shati halioni haya. Mama Laza aliikuta desturi hiyo, akaifanya sheria. Alikuwa akisema shati la mfano likishafika mezani, hata mwenyewe akitoa maelezo yake, sikiliza kwa adabu kisha fuata shati.

Na kabla ya kulipima, laza kwanza. Ndipo lilipotoka jina lake. Unafunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni. Unalilaza chali juu ya meza, kisha unalinyoosha kwa mgongo wa mkono kuanzia katikati kwenda pembeni. Mama Laza asikuone unatumia kiganja. Kiganja kinavuta, na shati likivutwa hukubali lolote, kama shahidi aliyetishwa. Likishatulia ndipo futi inashuka shingoni: kola kutoka kifungo hadi tundu lake, kifua kutoka kwapa hadi kwapa, mabega kwa nyuma toka mshono hadi mshono, mikono, urefu wa mgongo. Kisha analigeuza na kurudia yote, akilinganisha na ya kwanza. Mkataji wetu, ambaye hana subira hata ya chai kupoa, aliwahi kulalamika kwamba mama huyu anapima shati kama anatafuta kiroboto. Alijibiwa kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba kiroboto mwenyewe ni yeye.

Jina hilo limewahi kututia hasarani mara moja tu. Mteja mmoja wa mji wa mbali alipiga simu akitaka kutuma vipimo vyake. Mama Laza, kama kawaida yake, hata salamu haikumalizika vizuri, akamwambia alaze kwanza, afunge vifungo vyote, apime. Bwana yule akiwa ndani ya shati lake alijilaza chali sebuleni, akafungwa vifungo na mkewe, akapimwa palepale sakafuni. Vipimo vilikuja vimeandikwa kwa mwandiko mzuri. Lakini mtu akilala tumbo nalo hulala, na bwana huyu aliposimama ndani ya shati jipya, tumbo lilisimama pia. Shati lilirudi mezani kwangu likiwa halina kifungo cha tatu wala cha nne. Mama Laza alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaomba radhi kwa barua, kwa maana kosa alilihesabu lake.

Msidhani basi kila mtu alimsikiliza. Mumewe, fundi wa majokofu ambaye sote tunamwita Shemeji, ni bingwa wa kuvaa mashati ya kununua, mabega yameteremka nusu ya njia kwenda kwenye kiwiko. Mkewe amemshonea mashati matano mazuri, na yote matano yamo kabatini yakisubiri siku maalumu. Shemeji anasema ndani ya nguo anataka nafasi ya kujikunia. Mganga hajigangi, na Mama Laza alishakubali yaishe.

Kuna jambo moja alilifanya zamani ambalo nililiona kwa macho yangu, nalo lilinifundisha kumheshimu. Tulipata kazi ya mashati ya kwaya, kila mwimbaji alete shati lake la mfano. Kijana mmoja alileta la rangi ya maji ya bahari lenye kiraka kidogo kwenye kiwiko. Baada ya siku mbili akaja mwingine na shati la rangi ileile, kiraka kilekile. Wiki iliyofuata, wa tatu. Walikuwa ndugu, na nyumbani kwao shati linalomkaa mtu lilikuwa moja. Mkataji alikwishafungua mdomo, Mama Laza akamkanyaga mguu. Alilaza shati lile mara ya tatu, akalipima kwa makini kana kwamba halijui, akamshukuru kijana. Kisha akamwambia arudi na kaka zake jioni, watu wakishapungua, kwa sababu kwa wanakwaya tunapenda kuhakikisha na upana wa kifua wakati wa kuvuta pumzi. Hatukuwa na kipimo cha namna hiyo. Waliimba wote watatu wakiwa wamependeza, na siri hiyo imekaa na sisi mpaka leo, na hata leo siwataji.

Sasa nije kwa Refa.

Mwaka jana alikuja msichana mmoja, amebeba shati jeupe lenye mistari myembamba ya samawati, limefungwa vizuri kwenye karatasi. Alisema anaolewa baada ya mwezi na nusu na anataka shati jipya la baba yake, jeupe tupu, lipimwe kwa lile, maana ndilo lililokuwa likimkaa kuliko yote. Baba yake alikuwa mwamuzi wa mpira. Tulilikumbuka jina la utani mara moja. Alikuwa pande la mtu, shingo nene, kifua kama mlango, na akipuliza filimbi hata waliokuwa nje ya uwanja walisimama.

Mama Laza alifunga vifungo, akalilaza, akapitisha mgongo wa mkono. Akapitisha tena. Futi ikabaki shingoni. Mimi nilikuwa kwenye kona yangu nikifumua mkono wa shati la mtu mwingine. Nilisogea kidogo. Mstari wa mkunjo uliokuwa umepita tumboni mwa shati ulikataa kulala, na juu ya mstari huo weupe ulikuwa umeanza kugeuka rangi ya chai. Ndani ya kola hapakuwa na dalili ya jasho. Shati ambalo mtu analipenda kuliko yote halikai kabatini hadi mkunjo ukaota mizizi.

Akamwuliza taratibu: “Mwanangu, baba alilivaa lini mara ya mwisho?”

Msichana alilitazama shati, halafu akaanza kulia bila sauti, na machozi yakamdondokea mikononi. Tulimpa kiti. Alichotueleza ni hiki: baba yake alikuwa ameugua sana mwaka mzima uliotangulia. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha, madaktari walikuwa wamempa ruhusa ya kurudi nyumbani, lakini ulikuwa umeondoka na mwili wake. Tangu arudi hakutaka mtu amwone. Marafiki wa uwanjani walifika mlangoni wakaambiwa amelala. Kila nguo yake ilimning'inia, na siku moja alipojiona kwenye kioo cha chumbani, alikigeuza kioo kikatazama ukuta. Kuhusu harusi alikuwa amekata shauri: baraka atazitoa palepale chumbani, na wa kumshika mkono bibi harusi awe baba mdogo.

Binti alikuwa amemsihi, mama yake amemsihi. Mwisho Refa alisema neno moja tu, kwamba wakimletea shati linalomkaa, atalivaa na atatoka. Lisipomkaa, mjadala umefungwa, asisumbuliwe tena. Wala asiletewe futi. Hakutaka kusikia namba za mwili wake zikitajwa, hata na mwanawe. Ndiyo maana msichana alilichukua lile la zamani kwa siri akaja nalo kwetu. Alikuwa na jaribio moja, na alikuwa amelileta kwenye karakana yenye sheria kwamba shati la mfano likisema, sisi tunafuata. Tungelifuata shati lile, tungemshonea hema.

Msimamizi wetu ni mtu mwema lakini ni mwoga. Alimwita Mama Laza pembeni akashauri tuikatae kazi kwa upole, kwa sababu lawama yake itakuwa kubwa. Mkataji alisema tupunguze kidogo kila upande, kwa makadirio, Mungu atajaza palipobaki. Mpiga pasi, ambaye methali hazimpungukii, akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama Laza alimtazama mpaka akarudi kwenye pasi yake. Kisha akatuambia kwamba mwili wa mtu haukisiwi, na mtu aliyejificha kwa kuona haya hatolewi nje kwa bahati nasibu.

Akarudi kwa msichana, akamwuliza ni nani anayemvisha baba. Akasema ni yeye. Ni nani anayemnyoa? Ni yeye. Ni nani anayemwinua kitandani asubuhi? Ni yeye pia, kwa sababu mama mgongo unamsumbua. Anamwinuaje? Msichana akaonyesha kwa mikono hewani: anampitishia mikono chini ya makwapa, baba anamshika shingoni, wanahesabu pamoja, wananyanyuka. Mama Laza aliitazama ile mikono iliyokuwa imezunguka hewa tupu, kisha akamshika msichana bega akamwongoza kwenye sanamu letu dogo la mbao, lile la kujaribishia mashati ya vijana.

Akamwambia afumbe macho, amwinue baba.

Sitaweza kuieleza sawasawa saa ile, lakini nitajaribu. Msichana alilikumbatia sanamu. Akatikisa kichwa, akasema baba si mwembamba hivi. Mama Laza akazungusha kitambaa kiwiliwili chote, akabana kwa pini. Akakumbatia tena. Bado, akasema, kwa baba vidole vyangu vinafika hapa tu, kwenye kifundo cha mkono wangu wa pili. Kikaongezwa kitambaa. Akakumbatia tena, akatulia, kidevu chake kikakaa begani mwa lile sanamu, na akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akasema, “Huyu ndiye.” Cherehani zote zilikuwa zimenyamaza. Mpiga pasi alikuwa ameziba uso kwa taulo lake la kupigia pasi, na mimi nilijifanya ninatafuta uzi sakafuni.

Shingo Mama Laza aliipata kwa mkono unaomnyoa baba. Msichana alipinda kiganja kama anavyokiweka chini ya taya la baba, na Mama Laza akapitisha futi ndani ya kiganja hicho, kutoka kidole gumba hadi cha kati, akarudia mpaka akaridhika. Namba hakuzitamka. Alimwonyesha mkataji futi kwa kidole, kwa heshima ya mtu ambaye hakuwepo.

Mkataji aliuliza basi lile shati la zamani lina kazi gani tena. Hapo ndipo nilipomwona mpimaji. Alilirudisha mezani, akalilaza upya, akatuambia mfupa haukondi. Ugonjwa ulikuwa umechukua nyama, haukuwa umechukua mifupa. Urefu wa mkono ulikuwa uleule, mgongo uleule, na mabega yalipungua unene tu, upana ulibaki. Kwa hiyo marefu yote aliyachukua kwenye shati, mazunguko yote akayachukua kwenye kumbatio la msichana. Akachagua pamba nzito kidogo ili kitambaa kisimame chenyewe kisimwangukie kifuani, na kola akaiinua upana wa nusu kidole ili ifunike mashimo ya shingo. Sheria yake mwenyewe, aliyotuimbia miaka yote, aliikata katikati mbele yetu, akabaki na nusu iliyokuwa kweli.

Shati lilikuja kuchukuliwa siku chache kabla ya harusi. Msichana alitualika wote. Mama Laza hakwenda, alisema Refa akijua tu kwamba mpimaji yupo, atajihisi anapimwa. Sisi wengine tulikuwa na kazi, au tulisema tuna kazi. Ukweli ni kwamba tuliogopa. Aliyekwenda ni mpiga pasi, ambaye anaishi upande ule, naye akasimama nyuma kabisa karibu na viti vilivyopangwa juu ya vingine.

Jumatatu yake tulimzunguka kabla hajavua koti. Alisema mlango wa nyumba ulifunguliwa, hakutoka mtu, watu wakadhani kuna jambo. Kisha Refa akatoka. Alikuwa amemshika binti mkono, na hukuweza kusema ni nani anayemsindikiza mwenzake. Walikwenda polepole sana. Wazee wawili waliowahi kucheza mpira chini ya filimbi yake walisimama, na mstari mzima nyuma yao ukasimama. Watu walilia, na mama wa bibi harusi alimwekea kiti mahali alipoweza kuwaona wote. Mama Laza aliuliza swali moja: watu walisema nini juu ya shati? Mpiga pasi akafikiri. Akasema hakuna aliyelitazama shati, wote walikuwa wanamtazama usoni. Mama Laza akaitikia kwa kichwa, akaenda kupima.

Baada ya hapo hatukusikia kitu. Msichana alikuwa amehamia kwake, na sisi hatukuwa na sababu ya kupiga simu. Miezi ikapita. Mama Laza hakuwa akimtaja Refa, nasi tukajifunza kutomtaja, kwa sababu kila mmoja alikuwa na wasiwasi wake na hakuna aliyetaka kuusikia kwa sauti.

Mapema mwezi huu, mchana, nilisikia mtu akipanda ngazi zetu kwa kupumzika pumzika. Kikatokea kichwa, kikatokea kifua, akasimama mbele ya meza yangu mzee mwenye shati jeupe, vifungo vinamvuta, kola wazi kwa sababu haikufungika. Alikuwa amekunja uso. Kwa sauti iliyowahi kusimamisha uwanja, akasema:

“Ninyi mafundi, hili shati mlilonishonea linanibana.”

Nimepokea malalamiko maisha yangu yote kwenye kona ile. Hilo nililipokea nikiwa nimesimama. Mama Laza alikuwa ametoka chumba cha vipimo, amesimama na futi yake shingoni. Hawakuwahi kuonana. Refa alimtazama, akaitazama futi, na uso uliokuwa umekunjwa ukakunjuka. Akamwuliza kama ni yeye. Mama Laza akasema, “Ni mimi, baba. Pole kwa usumbufu. Livue tulitazame.” Kisha akageuka akaingia chumba cha pasi na kufunga mlango, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu naye akasema ni mvuke.

Shati likaletwa mezani kwangu, mwenyewe akisubiri kitini ndani ya fulana yake. Nililigeuza nje ndani nikiwa nimejiandaa kumwambia haiwezekani. Ndani ya mishono ya pembeni sisi huacha kitambaa cha upana wa kidole, hakizidi, maana kikizidi shati hutuna ubavuni. Nikakata uzi wa kwanza. Kitambaa kikafunguka, kikaendelea kufunguka. Ndani ya kila ubavu kulikuwa kumekunjwa vidole vinne vizima vya pamba, vimepigwa pasi bapa, vimeshikizwa kwa mishono midogo ya mkono ili visimguse mbavu. Sijawahi kuona kazi kama ile. Nilimwita mkataji, akakiri kwamba aliagizwa akate hivyo na asiseme, na kwamba mbavu zote mbili Mama Laza alizishona mwenyewe.

Mwaka jana sisi sote tulikuwa tunamshonea shati mtu aliyetoka kuugua, na dua yetu ilikuwa afike tu harusini. Yeye peke yake alikuwa amemshonea mtu atakayepona.

Nilimtazama kutoka upande wa pili wa chumba. Yeye akasema tu, kwa sauti yake ya kazini, “Ipo nyingine kwenye kola, mdogo wangu. Fumua taratibu usije ukatoboa.”

Refa aliondoka alasiri ile akiwa amefunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni.

Mama Laza, mwajiri wetu anakushukuru kwa miaka thelathini na miwili, na wateja wako wanakushukuru bila kujua wamshukuru nani. Dada anayekupokea ameshaanza kulaza kwa mgongo wa mkono, usiwe na shaka. Shemeji tunamwomba sasa ayatoe yale mashati matano kabatini, maana siku maalumu imefika. Mimi nakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na wajukuu wanaokua haraka kuliko nguo zao. Uende kwa amani, dada yangu. Sisi tunabaki na mishono yako ya kufumua, na nitaifumua yote taratibu, kwa sababu sasa najua unaweza kuwa umetuachia kitu ndani.